Karatasi yako iko ya mwaka gani? Msitu wa Kongo na historia yake ndani ya klima

Leo naanza na haya yangu mwenyewe, kisha tutatembea polepole mpaka mbali.

Miaka michache iliyopita, wakati nilikuwa nimetoka tu kumaliza lisansi ya agronomi, nilipata kazi ya muda mfupi huku mashariki, kusindikiza kikundi cha wamama walimaji. Mkononi nilikuwa na karatasi moja: kalenda ya kilimo. Mahindi ya sezoni A, panda toka tarehe fulani ya Septemba mpaka tarehe fulani. Niliisoma kwa sauti kubwa, na ujasiri wote wa mtu mwenye diploma mpya. Wamama walipanda. Mvua ikanyesha siku chache, kisha ikasimama karibu wiki tatu. Mbegu ziliota, zikakauka. Wengine walikuwa wamekopa zile mbegu. Niliporudi, hakuna mwenye alinitukana. Mama mmoja tu aliniuliza kwa upole: "Bwana agronome, ile karatasi yako iko ya mwaka gani?"

Nikaangalia juu, nikaangalia chini. Hakukuwa mwaka. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi.

Toka siku ile swali halijaniacha. Nikakumbuka ramani ya mimea ya Kongo yenye sisi wote tulichora, toka sekondari mpaka univasite: kijani katikati, njano kaskazini na kusini, kahawia ku milima ya mashariki. Ile ramani nayo haikuwa na mwaka. Tuliijifunza sawa vile mipaka yake ilichorwa siku ya tatu ya uumbaji na haikuguswa tena. Walituambia "msitu bikira", na sisi tukaandika ku kaye.

Kumbe huu msitu una miaka yake. Umewahi kurudi nyuma, umewahi kuvunjikavunjika, kisha ukafunga tena. Mwenye anachora mpaka wake kwanza ni klima, halafu mtu na moto wake. Nataka tuifuate ile historia pamoja, juu mtu mwenye haijui ataendelea kusomea walimaji karatasi bila mwaka, sawa mimi.

Nani anachora ramani

Tuanze na jua. Ku ikweta, jua linapiga karibu wima mwaka mzima. Hewa inapata joto, inabeba mvuke, inapanda. Ikipanda inapoa, mvuke unageuka maji, mvua inanyesha. Hewa ile, ikiisha kumwaga maji yake, inasukumwa huko juu kuelekea kaskazini na kusini, na karibu na digri 30 inashuka tena, ikiwa kavu. Ndiyo maana ukifuata ile mistari kuzunguka dunia unakuta Sahara, jangwa la Arabuni, Kalahari, na katikati ya Australia. Siyo laana ya mtu. Ni hewa yenye ilimwaga maji yake njiani, na fasi moja ya kuyamwaga ni juu yetu sisi.

Ule mkanda wa mvua haukai fasi moja, unafuata jua. Mwezi wa saba uko kaskazini ya ikweta, mwezi wa kwanza umeshuka kusini. Nchi yetu inaanzia karibu digri 5 kaskazini mpaka digri 13 kusini, kwa hiyo mkanda unapita juu yetu ukienda na unapita tena ukirudi. Kisangani iko karibu nusu digri kaskazini ya ikweta. Inaupata mara mbili kwa mwaka, na hata miezi ya katikati mvua haikatiki kabisa. Kwa mwaka inapata milimita kama 1,700 mpaka 1,800. Lubumbashi iko zaidi ya digri 11 kusini. Inapata milimita kama 1,200, lakini karibu zote zinaanguka kati ya Novemba na mwanzo wa Aprili. Toka Mei mpaka Septemba, ni vumbi.

Hapa wengi wetu tunakosea. Tunafikiri tofauti ni jumla ya mvua. Milimita 1,200 siyo mvua kidogo, London inapata karibu nusu ya ile. Kitu chenye kinatenga msitu na savana ni urefu wa kiangazi. Mti wa msitu wa ikweta unabaki na majani mwaka mzima, na majani yanakunywa maji kila siku. Unavumilia miezi miwili, mitatu ya ukavu. Ikizidi, udongo unakuwa umekauka na mche mchanga hauponi. Miti ya Katanga, ile tunaita miombo, ilijifunza namna ingine: inaangusha majani, inangoja, na mwisho wa kiangazi, hata mbele ya mvua kufika, inatoa majani mapya yenye rangi nyekundu. Mwenye amefika Lubumbashi mwezi wa tisa anajua uzuri ule.

Kisha kuna moto. Chini ya miombo nyasi zinakauka na moto unapita kila mwaka. Nyasi zikiungua zinaota tena toka mizizi. Mche wa mti wa msitu ukiungua, umekwisha. Kwa hiyo savana inajilinda kwa moto, na msitu unajilinda kwa kivuli na unyevu, juu nyasi haziwezi kuota fasi yenye jua halifiki chini. Katikati yao kuna fasi nyingi zenye mvua inatosha kwa wote wawili. Pale, mwenye alifika wa kwanza ndiye anabaki, mpaka kitu kikubwa kimutoe. Mushike neno hili, tutalihitaji mbele.

Ya mwisho ni urefu wa mlima. Ukipanda mita 1,000, joto linapungua karibu digri 6. Ku Rwenzori unaacha msitu wa chini, unaingia msitu wa mlima wenye ukungu, halafu mianzi, halafu miti yenye majani madogo yenye imefunikwa na ndevu za kuvu, halafu senesio na lobelia zenye kupita urefu wa mtu, na mwisho ni mawe na barafu karibu na kilele cha Margherita, mita 5,109. Kwa siku chache za miguu umepita baridi zenye mtu mwingine angezipata kwa kusafiri maelfu ya kilomita kuelekea kaskazini.

Wazo hili lilitoka wapi

Walimaji walijua siku zote kwamba kila fasi ina mimea yake. Lakini kuliweka hilo wazo ku ramani ya dunia nzima, hiyo ina tarehe. Mwaka 1802 Mjerumani Alexander von Humboldt na mwenzake Mfaransa Aimé Bonpland walipanda mlima Chimborazo, wenye leo uko nchini Ecuador. Hawakufika kilele. Lakini Humboldt alipima joto na kuandika majina ya mimea kila alipopanda, na mwaka 1807 akatoa mchoro mmoja mkubwa: mlima umekatwa ubavu, na kila mmea umeandikwa fasi yake. Aliona kwamba mimea ya juu ya mlima wa ikweta inafanana na mimea ya nchi za baridi. Klima inafanana, sura ya mimea inafanana, hata kama jamaa za mimea ni tofauti.

Mwengine ni Wladimir Köppen, mwenye alizaliwa Saint Petersburg. Akiwa kijana alisoma Simferopol, huko Krimea, na katika safari za kwenda na kurudi aliona mimea ikibadilika toka misitu ya kaskazini mpaka nyasi za kusini. Alipokuwa mtu mzima alikuta shida moja: vipimo vya mvua duniani vilikuwa vichache. Basi akatumia mimea yenyewe sawa chombo cha kupimia. Mwaka 1900 alitoa mpango wake wa herufi, ule bado tunaukariri: Af, Aw, Cw na wengine. Af maana yake hakuna mwezi unaoshuka chini ya milimita 60. Kisangani ni Af, Lubumbashi ni Cw. Kila mara tunaandika zile herufi ku memwari, tunatumia macho ya yule kijana katika safari zake.

Kwetu, kazi ya kupima ilifanyika sana mu wakati wa ukoloni. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, shirika la utafiti wa kilimo, na makao yake yakawekwa Yangambi, karibu kilomita 100 ukishuka mto toka Kisangani. Walipima mvua, joto, udongo, wakakusanya mimea. Siyo kwa mapendo tu: walitaka mafuta ya mawese, kahawa, mpira, pamba, na kazi ya mikono ya wababu zetu. Lakini vipimo vilibaki. Kisha 1960, vituo vingi vya mvua vilikufa kimoja kimoja, juu ya vita, mishahara yenye haikulipwa, vyombo vyenye vilivunjika. Nafikiri ile karatasi yangu ilikuwa mjukuu wa vipimo vya wakati ule. Haikusema uongo. Ilisema ukweli wa mwaka mwengine.

Wakati msitu ulirudi nyuma

Sasa turudi nyuma zaidi. Miaka kama 21,000 iliyopita, barafu ilifunika kaskazini ya Ulaya na sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini. Huku kwetu hakukuwa barafu, isipokuwa ku milima mirefu, lakini bahari zilikuwa baridi, mvuke ulikuwa kidogo, na mvua ilipungua. Hewa yenyewe ilikuwa na kaboni kidogo: chini ya sehemu 200 kwa milioni, wakati leo tumepita 420. Wenzangu wa agronomi watakumbuka kozi ya fiziolojia: kaboni ikipungua, miti inateseka zaidi kuliko nyasi za aina ya C4, zile za jamaa ya mahindi na mtama. Ukavu, baridi na kaboni kidogo, vyote vitatu vilisaidia nyasi.

Tunajua hayo namna gani? Kwa matope. Chini ya ziwa, matope yanalala tabaka juu ya tabaka, na ndani yake chavua za maua ya kila wakati. Ukichomeka bomba na kutoa tope, unasoma mimea ya zamani sawa kitabu, ukurasa wa chini ndiyo wa zamani. Vile ndivyo walijua kwamba Ziwa Victoria, lile kubwa vile, lilikauka kabisa miaka kati ya 17,000 na 15,000 iliyopita. Na chavua za Afrika ya Kati zinaonyesha nyasi zikiongezeka na miti ya msitu ikipungua. Msitu haukufa. Ulibaki vipande vipande, fasi zenye maji hayakukosa: kando ya mito, chini ya milima. Wataalamu bado wanabishana vile vipande vilikuwa wapi na ukubwa gani, lakini hakuna anayebisha kwamba ule ukuta wa kijani wa ramani yetu haukuwa mzima.

Kisha gurudumu likageuka. Dunia inayumba polepole sawa pia yenye inazunguka, na mzunguko mmoja wa kuyumba unachukua zaidi ya miaka 20,000. Miaka kama 11,000 iliyopita, dunia ilikuwa karibu zaidi na jua mu miezi ya joto ya kaskazini. Leo inakuwa karibu zaidi mwezi wa kwanza. Basi kaskazini ya Afrika ilipata joto zaidi, ikavuta upepo wa bahari na mvua mpaka ndani kabisa. Sahara ikawa nyasi, mito na maziwa. Ziwa Chad lilipita kilomita mraba 300,000, karibu sehemu moja kwa nane ya Kongo nzima. Ku Tassili n'Ajjer, kusini ya Algeria, watu walichora juu ya mawe ng'ombe zao na wachungaji.

Mwaka 1850 msafiri Mjerumani Heinrich Barth alipita Fezzan, mu Libya ya leo, akielekea Ziwa Chad. Alikuta mawe yenye kuchorwa ng'ombe wengi, lakini hakuna ngamia hata mmoja. Akaelewa kwamba wenye kuchora waliishi wakati mwengine, wakati nchi ilikuwa na malisho. Hakuwa na maabara. Alikuwa na macho, na alijiuliza swali la mama yangu: hii picha iko ya mwaka gani?

Miaka kama 5,000 iliyopita, Sahara ikawa jangwa tena. Watu walihama, wengine kuelekea Mto Nile, wengine kusini. Wakati jua linabadilisha zamu yake, majira ya dunia nzima yanasogea.

Kitabu cheusi cha Cuvette

Na sisi je? Jibu moja limelala mu mabwawa ya Cuvette Centrale, kuzunguka mkoa wa Équateur na ng'ambo, upande wa Kongo-Brazzaville. Huko chini ya msitu wa maji kuna udongo mweusi wenye Wafaransa wanaita tourbe, tuuite turba. Ni majani na mizizi yenye ilikufa lakini haikuoza, juu maji yanaikosesha hewa. Mwaka 2017 timu ya watafiti ilitangaza kwamba turba ile inafunika kilomita mraba kama 145,500. Mwaka 2022, kisha kupima pia upande wetu, wakaongeza mpaka 167,600, na sehemu mbili kwa tatu ziko mu nchi yetu. Fasi zingine unene wake unapita mita 6. Ndani yake kuna kaboni karibu tani bilioni 30, sawa na moshi wa makaa, petroli na gazi wa dunia nzima kwa miaka kama mitatu. Kati ya watafiti wale kuna Wakongo wa pande zote mbili, na mmoja ni Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea wa Univasite ya Kisangani. Wenye walisema wanafunzi wa Kisangani hawana kitu cha kutafuta, wajibu.

Turba nayo ni kitabu sawa matope ya ziwa. Ilianza kujikusanya zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, mu wakati ule wa mvua nyingi. Lakini mu 2022 watafiti waliposoma tabaka kwa tabaka upande wa Brazzaville, walikuta kurasa zenye karibu hazipo. Toka miaka 7,500 mpaka miaka 2,000 iliyopita, turba ni nyembamba sana na imeoza vibaya. Maana yake: klima ilikauka, maji ya bwawa yakashuka, hewa ikaingia, na turba yenye ilikuwa imejikusanya kwa maelfu ya miaka ikaoza na kurudi hewani. Hakuna mtu aliyeichimba. Hakukuwa barabara wala kampuni. Ukavu peke yake ulitosha. Kisha mvua ikarudi, na bwawa likaanza upya kuandika.

Hiyo ndiyo inanipa hofu zaidi kuliko yote nimesoma. Cuvette ilishavuka mpaka mara moja. Mpaka uko, tunajua uko, na hatujui leo tuko mbali nao kiasi gani.

Msitu wenye vyungu chini yake

Mwisho wa ule ukavu, kati ya miaka 3,000 na 2,000 iliyopita, msitu wa upande wa magharibi ulifunguka. Chavua zinasema hivyo toka Kamerun mpaka Kongo-Brazzaville. Ni wakati ule ule wababu zetu wa lugha za Bantu walikuwa wakishuka kusini na vyungu, michikichi, na kisha chuma. Nani alifungua msitu: klima ao shoka? Mwaka 2012 watafiti wengine waliandika kwamba ni walimaji, wengine wakajibu kwa ukali kwamba ni ukavu. Ubishi haujaisha, na kila upande una matope yake ya kuonyesha.

Mimi nataka kuleta shahidi mmoja wa kwetu, wa agronomi. Kusini ya Kamerun, mu nchi yenye leo ni msitu mzito, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta punje za uwele zenye kuungua, za miaka zaidi ya 2,000 iliyopita. Uwele! Ule ni mmea wa Saheli. Ukiupanda fasi yenye mvua haikatiki, masuke yanaoza na kuvu mbele ya kukomaa. Mtu hawezi kulima uwele kama hana kiangazi cha kweli. Kwa hiyo ule mlimaji mwenye hatujui jina lake alikuwa na sezoni zenye msitu wa leo hauna. Hiyo haisemi kwamba shoka halikufanya kitu. Inasema shoka lilikuta mlango klima ilikuwa imeshafungua.

Halafu ikatokea kitu kingine. Utafiti wenye ulitoka mwaka 2021 ulikusanya tarehe za makaa ya moto na vyungu toka mamia ya fasi mu bonde la Kongo. Watu walikuwa wengi mpaka karibu mwaka 400 wa hesabu yetu, kisha kati ya 400 na 600 wakapungua sana, na kwa miaka mamia vijiji vilibaki vichache. Sababu bado inatafutwa. Lakini matokeo tunayaona: msitu ukafunga juu ya mashamba yao. Fasi nyingi zenye tunaziita bikira, ukichimba unakuta makaa, vipande vya vyungu, na kokwa za mawese. Kwa agronome hii siyo habari ndogo: ule msitu ni jalala kubwa lenye lilipumzika miaka elfu moja na zaidi.

Mwaka wa leo

Basi mtu anaweza kusema: si vizuri? Msitu ulirudi mara zote, utarudi tena. Nimesikia hoja hii mu mikutano, hata toka kwa watu wenye diploma kubwa kuliko yangu. Naijibu kwa vitu vitatu.

Kitu cha kwanza, mwendo. Mabadiliko ya zamani, kwa sehemu kubwa, yalichukua mamia na maelfu ya miaka. Ku Rwenzori, msafara wa Mtawala wa Abruzzi wa mwaka 1906 ulikuta barafu yenye kufunika kilomita mraba kati ya 6 na 8. Leo haifiki hata kilomita mraba moja. Ni maisha ya babu na mjukuu tu. Mti wenye unaishi miaka 200 hauwezi kuhama kwa mwendo ule.

Kitu cha pili, watu. Msitu ulifunga juu watu walipungua. Leo tumepita milioni 100 mu nchi hii, na kila mji unapika kwa makala. Hakuna mwenye atatuambia tuondoke miaka 500 ili jalala lipumzike. Na kumbukeni lile neno nilisema mushike: fasi zenye mvua inatosha kwa msitu na kwa savana, mwenye yuko pale ndiye anabaki. Ukiukata msitu pale na moto ukaingia kila kiangazi, nyasi zinakaa, hata kama mvua haikubadilika. Tena msitu wenyewe unarudisha hewani sehemu kubwa ya mvua yake, na ile mvuke inaenda kunyesha mbele. Mwenye anakata miti fasi moja anaweza kuwa anakauka shamba la mtu mwenye hatamjua kamwe.

Kitu cha tatu, turba. Mwezi wa saba 2022 serikali yetu ilifungua zabuni ya vitalu 27 vya petroli, na vingine vililala juu ya turba ya Cuvette. Mu 2024 ile zabuni ikafutwa, lakini mazungumzo ya petroli hayajaisha. Sisemi nchi maskini isitafute pesa, nami natafuta. Nasema tu kwamba wakati tunabishana, tuweke mezani ile kurasa yenye kukosa ya miaka 5,500. Kukausha bwawa ni rahisi. Kulijaza tena kulichukua miaka 2,000 na bado halijamaliza.

Sasa turudi kwa mama. Nilimjibu ukweli, kwamba karatasi haina mwaka na mimi sikuuliza. Hakukasirika. Alisema wao nao wanaona mvua ya Septemba inacheza, na wazee wenye walikuwa wanasoma ndege na maua ya miti wanakosea pia siku hizi. Tulikata shingo ya chupa kubwa ya plastiki, tukachora milimita, tukaisimamisha mu shamba lake. Binti yake mwenye anasoma anaandika mu kaye kila asubuhi mvua ya jana, na tarehe. Sezoni yenye ilifuata, tuliwaomba wote wagawe mbegu mara mbili: nusu ku mvua ya kwanza, nusu ku mvua yenye imekaa. Wengine walikataa, walisema ni kazi mara mbili, na walikuwa na haki. Wenye walikubali walivuna kidogo, lakini walivuna.

Chupa ya plastiki siyo kituo cha hali ya hewa, najua, na kaye moja siyo Yangambi. Lakini toka 2020 kuna mnara wa mita 55 huko huko Yangambi wenye unapima namna msitu unapumua, na kati ya ule mnara na ile chupa kuna nchi nzima bila vipimo. Sisi wenye lisansi tuko maelfu, wengi wetu bila kazi, tumetawanyika toka Boma mpaka Uvira. Kila mmoja akisimamisha chupa nyuma ya nyumba yao na kuandika tarehe, kisha miaka 10 tutakuwa na kitu chenye karatasi yangu haikuwa nacho.

Mwenye tayari anaandika mvua ya kwao, hata kwa mikono tu, aseme iko fasi gani na alianza mwaka gani. Mwaka usisahauliwe.